Kulungu Aliyekwisha Kulipiwa

Kulungu yule alikuwa amekwisha kulipiwa tangu mwezi wa sita, pembe zake zikiwa bado laini na zimefunikwa manyoya. Kendall Prather, muuza mabati ya paa kutoka Houston, alimchagua kwenye simu kama mtu anayechagua viatu. Alisogeza picha kumi na saba kwa kidole, akarudi nyuma mbili, akasema, "Huyu." Akatuma dola elfu tisa, nusu ya bei, na nusu nyingine ingelipwa mnyama akishalala chini. Kilichobaki kilikuwa kwa kulungu mwenyewe kujileta mahali pa kuuawa, na hilo ndilo alilolikataa kwa siku mbili na nusu.

Kwa siku mbili na nusu hizo Eliseo Barrientos, kiongozi wa wageni wa mawindo, alikaa na muuza mabati ndani ya kibanda cha mbao kilichotandikwa zulia. Kilikuwa na hita ya gesi, viti viwili vya ofisini vyenye magurudumu, na dirisha refu jembamba la kutolea mtutu. Mbele yake, hatua tisini tu, ilisimama mashine ya kumwaga mahindi. Saa moja kamili asubuhi ilivuma, ikatapika punje, na kulungu wakaja mbio kutoka vichakani kama watoto wa shule waliosikia kengele ya uji. Mtu akiita hayo mawindo, basi na kuku anayeitiwa mtama uani anawindwa.

"Yule?" Kendall alinong'ona, bunduki tayari begani.

"Hapana, bwana. Yule mdogo."

"Na yule wa nyuma?"

"Yule jike."

Kendall alishusha bunduki akachukua simu yake. Alikuwa mtu mnene, mwekundu wa shingo, amevaa nguo mpya za rangi ya majani makavu ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. "Hebu niambie, Eli. Hii ranchi ina ekari ngapi?"

"Mia nne, bwana."

"Na uzio umezunguka kote?"

"Kote. Futi nane kwenda juu."

"Sasa jamani, anaweza kwenda wapi?"

"Hawezi kwenda popote."

"Basi yuko wapi?"

Eliseo alitazama nje. Alijua vizuri yuko wapi. Kulungu alikuwa nyuma ya jiko la Eliseo mwenyewe, amebandika pua kwenye waya wa uzio, akimsubiri Orfelia, mke wa Eliseo, amalize kupika.

*

Mchana Eliseo alipokwenda nyumbani kula alimkuta palepale. Dume mzima wa miaka mitano, shingo nene, pembe zenye matawi kumi na manne, alikuwa akitafuna tortilla, chapati ya mahindi, iliyochomwa upande mmoja. Orfelia alikuwa akimpitishia kipande kwa kipande katikati ya waya. Alimlea kwa chupa tangu akiwa na siku mbili. Royce Tannehill, mwenye ranchi, aliwatenga ndama na mama zao ili wazoee watu na wasisumbue kukamatwa, na kazi ya kuwanyonyesha aliitupa kwa mke wa Eliseo bila mshahara, eti ni kusaidiana. Huyu mmoja alilala wiki sita ndani ya boksi pembeni mwa jiko la Orfelia. Aligomea chupa yoyote isiyoshikwa naye, na kwa ajili hiyo Orfelia akamwita Terco, yaani mbishi.

"Mfukuze hapo, bibie," Eliseo alisema akivua kofia. "Royce akimwona tumekwisha."

"Nimfukuze aende wapi? Mwenye miguu minne ni yeye, mwambie mwenyewe."

"Kesho asubuhi mgeni anaondoka. Akiondoka mikono mitupu, ile nusu nyingine hailipwi."

"Kwani wewe ndiye unayekula hiyo nusu?"

"Orfelia, nyumba."

Orfelia alijifuta unga mikononi. Nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa ya ranchi, kama vile pikapu, kama vile bunduki, kama vile buti alizovaa Eliseo. Royce alikuwa ameahidi kuwaandikia kwa jina lao mwezi wa kwanza, pamoja na robo ekari ya kiwanja, ikiwa ni shukrani ya miaka ishirini na saba ya kazi. Mwezi wa kwanza ulikuwa wiki saba mbele. Eliseo alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na magoti yake yalilia kila alipopanda ngazi ya kibanda.

Alimtazama kulungu sikioni. Palikuwa na tundu lenye kovu bichi. Ijumaa iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyemkata hereni ya plastiki, namba 41, kwa amri ya Royce, kwa kuwa wageni hawapendi kuona namba kwenye picha zao. Mnyama alisimama kimya akakatwa, maana Orfelia alikuwa akimkuna shingoni. Eliseo alimdanganya mkewe kwamba wanambadilishia hereni.

Gari la Royce likasimama mlangoni kabla hawajaketi. Huyu bwana hakuwa na tabia ya kubisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliingia mpaka jikoni, akafunua sufuria ya maharagwe akainusa, kisha macho yake yakapita dirishani yakaganda.

"Mama O!" alipiga ukelele, na kicheko kikafuata. Hakuwahi kujisumbua kujifunza jina zima. "Kumbe wewe ndiye unayenifichia mali! Siku tatu nateketeza mafuta kumtafuta, naye yuko hapa anakula chakula cha mchana!"

"Simfichi. Anakuja mwenyewe," Orfelia alisema.

"Najua, najua. Anakupenda. Ndiyo maana naona Mungu yuko upande wetu." Akavuta kiti akakaa. "Sasa sikilizeni. Hapa hawezi kupigwa. Mgeni anapiga picha, anapiga video. Analipia pori, halipii mtungi wenu wa gesi na nguo zenu za ndani kwenye kamba. Saa kumi jioni, Mama O, utachukua ndoo, utatembea naye taratibu mpaka kwenye mashine. Ukifika, unaacha ndoo, unaondoka. Basi. Kazi ya dakika kumi."

Orfelia akasema, "Mimi simwiti."

Royce hakumjibu yeye. Alimgeukia Eliseo, kwa sauti ya upole ya mtu anayezungumza na mwenye mbwa. "Eli, nilisema mwezi wa kwanza nitafanya nini na nyumba hii?"

"Ulisema utatuandikia, bwana."

"Nimewahi kusema kitu nikakirudisha?"

"Hapana."

"Basi na ninyi msinirudishe nyuma. Ongea na mkeo." Akainuka, akachukua tortilla moja ya moto sahanini, akatoka akiitafuna.

*

"Ni mnyama," Eliseo alisema. "Tangu siku ya kwanza ulijua anafugwa kwa ajili gani."

"Nilijua. Na wewe ulijua ulipokuwa ukinipashia maziwa yake."

"Wamepita kulungu mia mbili hapa."

"Wamepita. Hakuna aliyeniambia niwashike mkono niwapeleke."

"Sasa unataka tuseme nini? Nani ataniajiri mimi na magoti haya? Tukalale kwa dada yako San Antonio, sebuleni, na mbwa zake wale watatu?"

"Mimi sijasema tulale wapi." Alisimama mbele yake, mfupi, mpana, nywele zimefungwa kitambaa. "Nakuuliza wewe. Yule bwana hakuniamuru mimi, amekuamuru wewe. Basi na wewe niamuru. Nitazame usoni uniambie, Orfelia, nenda kamwite."

Eliseo alitazama meza. Halafu akajilazimisha, akainua macho.

"Nenda kamwite," alisema.

Orfelia alifungua aproni akaitundika msumarini. Wanawake wengine wangalilia au kupasua sahani, na Eliseo angaliona nafuu.

*

Saa kumi walikuwa watatu kibandani: Kendall kwenye kiti chake cha magurudumu, Royce nyuma yake na kamera, na Eliseo amebanwa pembeni na redio ya mkononi. Pikapu ya ranchi iliachwa karibu na mashine, ufunguo ndani, ili Orfelia aondokee nayo.

Akatokea kwenye njia ya vumbi, ndoo mkononi, kulungu nyuma yake. Hakumvuta wala kumwita. Alitembea tu, naye Terco alifuata kwa hatua zilezile alizozifuata tangu miguu yake haijakakamaa, pua karibu na kiwiko cha mama huyu.

"Mungu wangu," Kendall alinong'ona. "Pembe zile! Na huyu mama ni nani?"

"Mfanyakazi," Royce alisema.

"Hataonekana kwenye video?"

"Tutamkata."

Orfelia aliweka ndoo chini akaenda zake. Kulungu aliinusa ndoo, akaiacha, akamfuata. Orfelia akarudi, akachota mahindi akayamimina chini, akaondoka tena. Terco alikanyaga mahindi akaja. Akasukumwa kichwa, akadhani ni mchezo. Akatupiwa bonge la udongo likampiga ubavuni, akaruka kando, akarudi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huyu aliuacha ujira wote chini akaulamba mkono mtupu, na wanaume watatu walikuwa wakimtazama kwa darubini.

"Anafanya nini huyu?" Kendall alilalamika. "Mwambieni asogee!"

"Mwambie aingie garini," Royce alimwambia Eliseo.

Eliseo alibonyeza redio. "Orfelia. Ingia garini uondoke."

Sauti yake ilisikika mpaka kule, kutoka redio iliyokuwa kiunoni mwa mkewe. Orfelia aliingia, akafunga mlango. Kulungu alisimama dirishani, akapuliza pumzi kwenye kioo. Gari likaondoka polepole. Terco alilifuata hatua ishirini, akasimama katikati ya uwazi, upande mzima umegeukia kibanda, akilitazama linavyokwenda.

"Sasa," Royce alisema. "Nyuma ya bega. Pumua."

Bunduki ile ingemwangusha nyati. Kendall aliifyatua kwa nguvu zake zote, akifumba macho, na risasi ikaingia tumboni.

"Upepo!" alisema papo hapo. "Mmeona? Upepo umeivuta!"

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kulungu wa porini akipigwa hukimbia watu. Huyu alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumkimbilia. Alikimbia akiburuta kitu cheupe kati ya miguu ya nyuma, akalifikia gari ambalo lilikuwa limesimama ghafla, akaanguka chini ya mlango wa dereva.

*

Walipofika, Orfelia alikuwa amekaa vumbini, kichwa cha Terco kimelala mapajani mwake na zile pembe zimemzunguka kila upande. Miguu ya mnyama ilikuwa bado inakimbia. Harufu ya matumbo yaliyopasuka ilikuwa nzito, na Kendall akajiziba pua kwa kola ya shati lake jipya.

Eliseo alikuwa na bunduki yake. Ni desturi ya kila mwindaji, mzuri na mbaya: aliyejeruhiwa hasubirishwi. Akapandisha risasi, akanyoosha mtutu.

"Shusha," Royce alisema.

"Bwana, amepigwa tumboni. Huyu ataumia saa nzima."

"Shusha, Eli. Ngozi inakwenda kwa fundi. Mgeni amelipia mnyama mzima wa kusimamishwa sebuleni, hajalipia chujio."

"Basi apige yeye. Bwana Prather, mmalize. Moyoni, hapa."

Kendall alirudi hatua moja. "Nikimtoboa tena si itaonekana? Si nimeshampiga? Atakufa tu, ama?"

"Atakufa," Royce alimhakikishia.

Wakasubiri. Niseme wazi, maana wapo watakaopendezesha jambo hili: watu wazima watatu walisimama wakimsubiri mnyama afe polepole ili kapeti la mtu mmoja huko Houston lipate pambo lisilo na kiraka. Kendall alifungua kopo la soda. Royce alisogea kupokea simu kuhusu pampu ya maji, akajadili bei ya pampu. Mnyama hakutoa sauti kubwa. Alikuwa akitoa ile sauti ndogo ya ndama anayetaka chupa, na kila alipoitoa Orfelia alimfunika jicho kwa kiganja.

"Eliseo," alisema mara moja tu, bila kuinua uso.

Eliseo alisikia. Kidole chake kilikuwa pembeni ya kifyatulio. Alitazama mtutu, akamtazama Royce, akatazama ng'ambo ya vichaka ambako ncha ya bati la nyumba yao ilionekana. Bunduki ikabaki imeelekea ardhini.

"Huyu mama hawezi kusogea kidogo?" Kendall aliuliza. "Jua linashuka. Nataka mwanga mzuri."

Ilichukua dakika kumi na tisa.

Kisha kazi ya Eliseo ikaanza, na hakuna aliyekuwa na mkono mzuri kama wake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliurudisha ulimi ndani akafunga taya. Alifuta povu la njano lenye vipande vya tortilla. Alichukua udongo wenye unyevu akaziba tundu la hereni sikioni. Akageuza tumbo upande usioonekana, akamkunja miguu akae kama aliyelala usingizi. Alimketisha Kendall hatua mbili nyuma ya mnyama, maana ukikaa nyuma pembe huonekana kubwa zaidi. Kendall alitabasamu, akanuna kishujaa, akatabasamu tena. Orfelia alikuwa ameegemea gari, gauni limemgandia mapajani, akitazama kila kitu.

"Kendall," Royce alisema akiwa bado anarekodi, "huyu si ndiye dume wako wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa!"

"Basi ni lazima damu. Kiongozi humpaka mwindaji damu ya mnyama wake wa kwanza usoni. Mila ya zamani. Eli, mpake."

Kendall aliinua uso, akafumba macho, akasubiri kama mtoto anayesubiri kunawishwa.

Eliseo alichutama kando ya jeraha. Alinyoosha vidole viwili, na vidole vikasimama hewani. Baba yake alimpaka yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya kufuata matone ya damu kutwa nzima kwenye miiba, nchi ikiwa haina uzio. Baba alikuwa amekasirika kwa sababu mwanawe alipiga vibaya, na alipompaka alimwambia: hii ni ili usisahau deni. Kisha familia ilikula nyama ile siku tisa. Huyu aliyefumba macho mbele yake alikwisha sema asubuhi kwamba nyama hahitaji, wagawiwe wowote wanaoitaka.

"Sipaki," Eliseo alisema.

Kendall alifumbua jicho moja. Royce alicheka kidogo. "Ni kidole tu, Eli. Paka, tumalize."

"Sipaki, bwana. Kila kitu nimefanya. Hiki hapana."

"Nilielezwa ni huduma kamili," Kendall alisema, na midomo ikamcheza kwa uchungu wa kweli. "Video yangu itaisha namna gani sasa? Ningejua, ningekwenda ranchi nyingine."

Royce alizima kamera. Alichovya kidole mwenyewe, akampaka mgeni mstari shavuni, akampiga mgongoni, akamwambia mambo mazuri mpaka akacheka tena. Ndipo akaja kwa Eliseo. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyepata sababu aliyokuwa akiitafuta muda mrefu.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa nini, bwana?"

"Nyumba. Iwe wazi Ijumaa. Ufunguo uache mezani."

*

Mwanga ulikuwa bado upo walipofika nyumbani. Orfelia alisimama kwenye sinki akanawa mikono mpaka viwiko, akabadilisha maji, akanawa tena. Maharagwe yalikuwa yamepoa kwenye sufuria, na utando umeyafunika juu. Eliseo alibaki mlangoni, kofia mkononi, moyo ukimdunda kwa woga na kwa kitu kingine alichoona haya kukitaja, kitu kinachofanana na fahari.

"Nimemkatalia," alisema. "Umesikia? Mbele ya mgeni wake."

"Nimesikia."

"Miaka ishirini na saba sijawahi kumkatalia yule mtu neno. Leo nimemwambia sipaki, na sikupaka."

Orfelia alifunga bomba. Alichukua kitambaa akajikausha kidole kimoja kimoja.

"Mchana nilikuomba unitazame usoni," alisema, "ukanitazama, ukanituma. Dakika kumi na tisa ulikuwa na bunduki mkononi. Nikakuita jina, ukanyamaza. Halafu mtu akataka kupakwa shavu lake, mtu mzima, halimuumi, ndipo ukakataa."

"Orfelia, lile lilikuwa..."

"Ngoja. Mimi miaka thelathini na minne nimekutetea. Kwa dada zangu, kwa watoto, hata kwa padri. Nimesema mwacheni, Eliseo ni mtu mwema, ila hajui kukataa, ndivyo alivyoumbwa, kama mwingine alivyoumbwa kiwete. Nimekuhurumia kwa hilo." Alikunja kitambaa mara mbili akakiweka juu ya sinki. "Kumbe unajua."

Eliseo alivaa kofia yake, kisha akaivua tena.

Orfelia alivuta kiti, akapanda, akaanza kuteremsha sufuria kutoka rafu ya juu.

"Ijumaa aliyosema," aliuliza, mgongo umemgeukia, "ni ya wiki hii?"

"Ya wiki hii," Eliseo alisema.